Mlango wa Fito Kando ya Mfereji

Kwanza niwataje waliokuwapo, mtu asije akasema Bibi alisinzia kwenye kochi akaota. Nilikuwapo mimi. Alikuwapo mwanangu Abdalla, kitinda mimba wangu, aliyenileta Birmingham baada ya baba yake kufariki. Alikuwapo mkewe, Rukia binti Hamisi wa Muheza. Alikuwapo mjukuu wangu Salma, ambaye ukimsemesha Kiswahili anasikia chote, na anakujibu kwa Kizungu chote. Alikuwapo jirani yetu wa ukuta mmoja, Esther Nyambura, Mkikuyu wa Nyeri, muuguzi kwenye hospitali kubwa ya upande wa Harborne. Na alikuwapo Lan. Kama Lan alikuwapo kweli au hakuwapo, utaamua ukishamaliza kunisikiliza. Mimi nilimshika mkono.

Rukia na Esther wako hai, waulizeni. Abdalla msimuulize, atawaambia ni uzee. Nimesoma mpaka darasa la nne tu, mtanisamehe mwandiko, lakini kichwa changu hakijapata kupoteza jina la mtu. Niulize nani alinikata kitovu: Bi Mwanasha Mgeni. Nani alipika pilau ya harusi yangu: Mzee Jumaa Kipara, na alizidisha chumvi. Kwa hiyo ninaposema jambo hili lilinikuta, lilinikuta.

Miaka hiyo ni ile ya elfu mbili na kidogo. Tulikaa Washwood Heath, kwenye nyumba zilizoshikana kama meno. Abdalla alikuwa anapakia mizigo ghalani usiku, mchana analala. Rukia alikwenda Shard End kuwaogesha na kuwalisha wazee wa Kizungu ambao watoto wao wako mbali. Salma shule. Mimi nilibaki na friji. Mnacheka, lakini niaminini, ukikaa peke yako siku nzima friji linakuwa mtu. Likinguruma nafarijika. Likinyamaza naligeukia, kama mwenzangu aliyekatiza maneno katikati.

Na huku majira ya baridi hakuna alasiri. Adhuhuri umeswali, umegeuka kidogo, magharibi imeingia, ukitazama saa ni saa kumi. Giza la saa kumi umepata kuliona wewe? Usiku umeshaanza na watu wa nyumba hawajarudi.

Dawa yangu ilikuwa moja. Nilikuwa nafumba macho nakwenda kwetu. Kwa ndege nilishakata tamaa, magoti na presha havikuniruhusu. Nilikwenda kwa kichwa. Natoka mlangoni kwa mama yangu, Mwanamkasi binti Shekue, Ngamiani, Tanga. Nashuka baraza la saruji lenye ufa uliokaa kama mjusi. Mkono wa kushoto ni kwa Mzee Kibwana fundi, cherehani inalia, naye hapimi mtu kwa futi, anakutazama tu na gauni linakaa. Mbele yake Bi Zaituni wa vitumbua, kakunja mguu mmoja, ananiambia, "Wewe mtoto, mwambie mama yako bakuli langu nalitaka." Halafu napita vingine mpaka bombani, nazunguka kwa nyuma, narudi mlangoni kwetu napiga hodi. Na mama anaitika kutoka ndani, "Karibu, mwanangu." Hapo ndipo usingizi unanichukua. Sikuwa nalala mpaka nifike kwenye karibu ile.

Hivyo vingine nilivyokuwa navipita baada ya Bi Zaituni, vishike. Nitavirudia.

Nyuma ya mtaa wetu kuna kichochoro, na mwisho wa kichochoro ngazi za matofali zinateremka mpaka kwenye mfereji. Birmingham ina mifereji kila upande, ilichimbwa zamani kupitisha mashua za makaa ya mawe, na pembeni yake kuna njia ya miguu. Wenyeji wanaipita bila kuitazama. Abdalla alipotaka kunitembeza alinipeleka mjini madukani, akanionyesha na mnara wa Kichina wa mawe uliosimama katikati ya mzunguko wa magari, akanipiga picha nimebana mkoba. Kule mferejini hakunipeleka hata siku moja.

"Mama, huko hakuna kitu," alisema. "Utateleza bure."

Siku ya kwanza nilishuka kwa sababu friji lilinyamaza likakaa kimya muda mrefu. Majani yalikuwa yanaanguka. Chini ya daraja la treni palikuwa na benchi, na kwenye benchi ameketi mwanamke wa Kichina wa makamo yangu, koti la bluu la pamba lililoshonwa visanduku visanduku, kiraka cha maua kwenye kiwiko, viatu vya kitambaa cheusi. Mapajani mfuko wa plastiki wenye mboga za majani.

Nikamwambia, "Asalaam aleikum. Shikamoo, au useme wewe, maana sijui mkubwa nani."

Akacheka akaziba mdomo kwa mkono. Akajigusa kifua, "Lan." Nami nikamtajia jina langu, akalitamka sawasawa kuliko daktari wangu ambaye nimemfundisha mwaka mzima. Akainuka, akanikunjia vidole: twende.

Utaniuliza tulisemezana kwa lugha gani. Kila mtu kwa yake. Alisema Kichina chake, mimi Kiswahili changu, na hakuna aliyemkatiza mwenzake. Nyinyi mnaoishi na watu wa lugha yenu hamjui raha ya kusema mpaka umalize.

Lan alikuwa ananitembeza kama mtu anayeonyesha mgeni kwao. Pale ambapo mimi ningeona ukuta mchafu, yeye anasimama. Kuna daraja dogo la mgongo, matofali yake yamelika kwa kamba za mashua za zamani, akanishika kidole akakipitisha ndani ya zile alama. Kuna malango ya maji, mbao nene nyeusi, maji yanapenya kwenye nyufa kwa sauti ya mtu anayenong'ona, tukasimama kusikiliza. Kuna kipande cha bustani ya Mzee Winston, Mjamaika, analima kabichi nyuma ya waya. Na ng'ambo ya maji kuna karakana iliyofungwa, bati limeshushwa, madirisha yamevunjika. Hapo Lan alitega sikio upande wa ng'ambo, akapiga ngumi yake kwenye kiganja: tang, tang, tang. Akanitazama kama nasikia. Nikamwambia, "Mwenzangu, mimi nasikia treni tu."

Nilimwonyesha kwa mikono ule mnara alionionyesha Abdalla, paa juu ya paa, nikataka kujua kama ndiko kwao. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Tukawa tunaonana. Kila nikishuka yupo. Na sasa nisikilizeni vizuri, maana mambo haya niliyaona kwa macho na sikuyafikiria mpaka baadaye. Njia ile ina madimbwi, mimi narudi viatu vimelowa mpaka soksi, vyake vya kitambaa vikavu. Wapanda baiskeli wanapiga kengele wakinifikia mimi, upande wake wanapita bila kupunguza. Mzee Winston siku moja aliinua kichwa kwenye kabichi zake, akaniuliza jambo kwa Kizungu, anatazama kushoto kwangu na kulia kwangu. Nikadhani ananisalimia. Nikamjibu, "Yesi, yesi." Akabaki kashika jembe. Na baridi ilipokaza, mdomo wangu ukawa unatoa moshi kila nikisema neno. Lan alisema maneno mengi, na hewa mbele ya uso wake ilikuwa safi.

Kwa nini sikukimbia? Nenda kakae na friji, kisha uniulize.

Halafu nikaanza kusikia. Tang, tang, tang, kutoka nyuma ya lile bati la karakana, mafundi wengi wanafua shaba, mmoja anaanza na mwingine anadakia. Nikaanza kuona. Chini ya miguu, badala ya udongo na matofali, mawe mapana yaliyolazwa, yamelainika kwa kukanyagwa. Mfereji ukawa kijito cha kijani, mti umeuinamia una matunda mekundu yenye ngozi ya mamba. Kisima chenye mdomo wa jiwe. Dirisha ambamo mwanamke anajifunza kuimba, anakosea palepale kila mara. Na maneno ya Lan, ambayo sikuyajua hata moja, nikawa najua anachosema. Hapa nilikuwa nacheza. Hapa baba yangu alinunua birika. Bado kidogo tutafika kwetu.

Lakini kila mara tulikuwa tunafika mahali fulani, njia inakunja, na Lan anasimama. Anatazama mbele, anatazama nyuma. Uso wake unakuwa wa mtoto aliyeachwa sokoni. Kisha ananirudisha mpaka kwenye ngazi za kwetu.

Hapo kwenye ngazi ndipo nilipofanya jambo ambalo mtu mwingine yeyote wa Birmingham asingelifanya, na wewe mtu wa kwetu ungelifanya vilevile. Sisi mgeni hatumwachi mlangoni. Tunamsindikiza. Na aliyesindikizwa akifika kwake naye anageuka, anakurudisha nusu ya njia, maana kusindikizwa bila kusindikiza ni ukosefu wa adabu. Mimi na marehemu dada yangu Mwanaidi tulikuwa tukirudishana hivyo mpaka mume wake anatoka kutufukuza. Sasa huyu Lan ananitembeza kwao kila mara, ananifikisha kwenye ngazi, mimi namrudishia nini? Mtaa wa Washwood Heath, wenye mapipa ya taka na mbwa wa jirani? Niliona haya.

Nikamwambia, "Lan, ngoja nami nikutembeze."

Tukageuka, tukarudi tulikotoka tumeshikana mikono, na njia nzima nikamwelekeza kwetu kwa mdomo. Natoka kwa mama, baraza, ufa, Mzee Kibwana, Bi Zaituni na bakuli lake, na vyote vilivyofuata, kona kwa kona, nani kakaa wapi, mpaka bombani. Siku nyingine nikaendelea. Alikuwa anasikiliza kwa mwili mzima. Nikifika mahali pa kukunja, anakunja yeye kwanza.

Siku moja nilikuwa nasema nimetoka kwa Bi Zaituni, nikameza mate kidogo, na Lan akalitaja jina linalofuata kabla yangu. Jina la mtu wa Ngamiani aliyekufa mimi sijaolewa. Nilimpa jina hilo lini? Nikajiambia labda nilikwisha kulitaja. Usiku ule nilipofumba macho kwenda kwetu, niliteleza kidogo pale baada ya vitumbua. Niliona jiwe pana badala ya mchanga. Nikalirekebisha, nikafika kwa mama, nikalala.

Mimi nilidhani namrudishia adabu. Kumbe namkabidhi.

Siku ya mwisho ilikuwa ya ukungu. Rukia alikuwa kaniambia asubuhi, "Mama, leo usitoke, tafadhali, hata njia haionekani." Nikamwitikia. Alipoondoka nikavaa koti.

Lan hakuwa kwenye benchi. Alikuwa amesimama kwenye ngazi kabisa, ananingoja, na safari hii alinishika mkono wa kushoto kwa nguvu. Mkono wake, wallahi, ulikuwa kama kuingiza vidole kwenye lile friji. Tukaenda haraka. Daraja la mgongo. Malango ya maji. Kwa Mzee Winston hakuna mtu. Mafundi wa shaba walikuwa wanapiga kwa fujo, kama wanataka kumaliza kazi kabla ya giza. Mawe mapana, kijito, kisima. Yule mwimbaji dirishani akafika pale anapokosea, akapita bila kukosea. Tukafika kwenye ile kona ya Lan.

Hakusimama. Alikunja kushoto, kama unavyokunja ukitoka kwa Mzee Kibwana.

Hapo nilijua kwamba hafuati njia yake tena. Anafuata yangu.

Mbele yetu pakatokea mlango. Sijapata kuona mlango wa namna ile kwetu wala Uingereza: fito nene za mbao zimelala, moja juu ya nyingine, kama ngazi iliyowekwa mlangoni, hewa inapita katikati. Lakini chini ya mlango huo wa kigeni palikuwa na baraza la saruji, na kwenye baraza ufa uliokaa kama mjusi. Katikati ya fito nikaona mwanga wa koroboi. Nikasikia harufu ya mafuta ya nazi na sabuni ya mche, ambayo ni harufu ya mama yangu na ya mtu mwingine hapana.

Lan akapiga hodi. Kwa Kiswahili. "Hodi." Kama ninavyoipiga mimi, na kuivuta mwishoni.

Na ndani mama yangu akaitika, "Karibu, mwanangu. Mbona umechelewa?"

Zile fito zikasogea zote pamoja upande mmoja. Lan akauachia mkono wangu. Alinigeukia, uso wake umetulia, akainamisha kichwa kama mtu anayemshukuru aliyemsindikiza. Akavua viatu vyake vya kitambaa, akaviweka vizuri barazani, akaingia.

Mimi nimesimama. Nisiwafiche, sikuogopa. Niliona wivu, wivu wa mtoto mdogo. Karibu ile ni yangu! Nikataka kusema, mama, huyo siyo mimi, mimi niko hapa nje. Nikainua mguu kupanda baraza. Ndani nilimsikia mama anacheka na mtu, na bakuli linawekwa chini.

"Shosho! Shosho, ni wewe huyo?"

Esther. Shosho ni bibi kwa Kikikuyu, ndivyo anavyoniita. Rukia alirudi mapema kwa sababu ya ukungu, akakuta kochi tupu, wakatoka wote wawili, Rukia barabarani na Esther mferejini, bado kavaa nguo za kazi. Aliponiita niligeuza kichwa. Kugeuza tu. Nilipokirudisha palikuwa na bati la karakana limejaa kutu, na mguu wangu mmoja ulikuwa hewani, juu ya maji. Kati ya bati na mimi kulikuwa na mfereji. Nilikuwa kwenye ukingo kabisa.

Esther alinivuta kwa koti tukaanguka wote.

"Unaongea na nani huku kwa giza? Haki ya Mungu, shosho, ungeingia kwa hiyo maji ningemwambia Abdalla nini?"

"Niache, nataka kwenda kwa mama."

"Mama yako yuko mbinguni!"

"Yuko hapo," nikamwambia, "na kamkaribisha mtu mwingine."

Esther ni mtu wa utani. Siku zote ananiambia Kiswahili changu kinamfanya ajisikie yuko kwenye mtihani. Siku hiyo hakutania. Aliniinua, tukaenda pole pole, mimi nasoma Ayatul Kursiyyu, yeye anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ndogo, na sijui kama Mungu alicheka. Njiani nikamweleza. Nilipofika kwenye koti la bluu akasimama.

"Hiyo koti, shosho. Ilikuwa na kiraka?"

"Cha maua. Kwenye kiwiko."

Akanishika mkono, akaongeza mwendo mpaka nyumbani.

Kesho yake alinipeleka kwenye duka la chakula cha Kichina, lile la barabara kubwa ambako hununua wali akitoka shifti. Nyuma ya kaunta kuna kibao kidogo ukutani, kina machungwa na ubani unaowaka, na juu yake picha. Sikuhitaji kuisogelea. Koti, kiraka, na ule uso unaokaribia kucheka.

Mwenye duka anaitwa Winnie. Lan ni mama yake. Esther akawa mkalimani.

"Anasema alikufa kabla hujakanyaga hii nchi, shosho. Alikufa kwa kitanda yake, hapo juu. Ile miaka ya mwisho alikuwa amesahau. Alikuwa anatoka kila siku anaenda kwa mfereji, anatafuta kwao. Watu walikuwa wanamrudisha. Hata akiwa ndani ya nyumba alikuwa anaomba apelekwe nyumbani."

Kwao ni Guangzhou, huko ambako wafanyabiashara wa Kariakoo wanakwenda kuleta mizigo. Lakini si Guangzhou hiyo ya maghorofa na mabohari. Ni vichochoro vya zamani, ambavyo Winnie mwenyewe alivipita akiwa mtoto wa kubebwa na sasa vingi vimebomolewa. Nikamweleza Winnie njia yote: daraja, mafundi wa shaba, mti wenye matunda mekundu, kisima, mwimbaji anayekosea, mlango wa fito zilizolala. Esther anatafsiri, Winnie anashika kaunta. Wateja wakapanga mstari mpaka nje na hakuna aliyehudumiwa.

"Anauliza nani amekuambia," Esther akasema. "Mama yake alikuwa ameshasahau hiyo yote. Alikufa bila kuwaelezea."

Tangu siku hiyo Winnie huniomba nije nimtembeze. Nakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, chakula chao siwezi kula, nakunywa chai tu kwenye kikombe cha karatasi, na Esther akiwa na nafasi anatafsiri. Winnie anafumba macho. Najua anaona. Anaponiuliza mama yake alifika, namwambia alifika. Simwambii alifika kwa nani.

Maana sasa niwaambie lililobaki kwangu. Mkono wa kushoto haupati joto hata nikiushikisha kikombe cha chai ya moto. Hilo nimelizoea, navaa glovu moja. Lakini usiku ule wa ukungu, nilipolala, nikafumba macho kwenda kwetu kama kawaida. Baraza, ufa, Mzee Kibwana. Bi Zaituni na bakuli lake. Kisha mawe mapana. Kijito. Mafundi wa shaba. Kisima. Nikajitahidi kurudi nyuma, nikaanza tena mlangoni, na tena baada ya Bi Zaituni nikakanyaga jiwe. Mwisho nikafika kwenye mlango wa fito, nikapiga hodi. Nikapiga tena. Nikapiga tena. Kimya. Mlango huo si wetu, nani ataniitikia? Mpaka leo ni hivyo. Nimeijua njia ya Guangzhou, mji ambao sijaukanyaga, kiasi kwamba naweza kuipita kwa giza. Kwa mama yangu sifiki.

Abdalla alinipeleka kwa daktari. Daktari akaniuliza ni mwaka gani na nani mkubwa wa nchi, nikamjibu. Abdalla akasema, "Mama, ni kusahau kwa kawaida." Kusahau! Majina ninayo yote. Mwajuma Kengeza. Maalim Shee na fimbo yake ya mkwaju. Mzee Salehe wa mafuta ya taa. Bi Tatu Mnyamwezi. Mama Asha na Asha mwenyewe. Wote ninao, lakini sina pa kuwaweka. Wamesimama tu kichwani kama watu waliobomolewa nyumba. Abdalla hawezi kunisaidia, alizaliwa Dar es Salaam. Dada yangu Mwanaidi ndiye angeijua, naye Mungu amemchukua. Na nyumba ya mama wajomba waliiuza, nasikia pana ghorofa.

Kwa hiyo wewe unayenisoma, hasa wewe uliye mbali na kwenu, ukikaa nchi ya watu na upweke ukikubana, msemeshe unayemkuta, hilo sikukatazi. Mpe chai, mpe jina lako, msindikize. Lakini tazama kwanza kama mdomo wake unatoa moshi kwenye baridi. Na hata ukitoa, njia ya kwa mama yako usimpe yote. Acha kona moja moyoni. Adabu isikutoe mpaka mlango wa mwisho.

Simlaani Lan. Alikuwa amepotea, na mimi ndiye niliyemwonyesha. Siku nyingine nafurahi kwamba mama yangu ana mtu wa kuongea naye.

Haya ndiyo niliyoyaona, na kama nimekosea mahali nisahihisheni. Daraja la treni linaweza kuwa liko kabla ya malango ya maji na si baada. Rukia anasema kiraka Esther alikitaja kesho yake. Hayo yasahihisheni mkitaka. Lakini kama kuna msomaji wa Ngamiani, mtu wa umri wangu, aliyetumwa maji bomba lile la kwetu, huyo namwomba kwa Mungu anisahihishe hapa hasa. Ukitoka kwa Mwanamkasi binti Shekue, ukapita kwa Kibwana fundi, ukampita Bi Zaituni wa vitumbua, mbele yake ilikuwa nyumba ya nani? Niambie hiyo moja tu. Nyingine nitazipata mwenyewe.